Kwiri yangu ya Gaia inagoma kujoini na 2MASS, shida ni intaneti au data ni kubwa mno?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nafanya masters ya fizikia, nina orodha ya nyota kama 40,000 niliyoitoa kwenye kazi ya zamani iliyotumia Gaia DR2, yani toleo la pili la data za darubini ya anga ya Gaia. Nataka niziunganishe na Gaia DR3, toleo la tatu, nipate paralaksi mpya (kipimo kinachotoa umbali wa nyota), halafu nijoini na 2MASS, katalogi ya anga ya infraredi, nipate mwanga wa infraredi. Wiki ya pili sasa nahangaika. Mara naambiwa kolamu haijulikani, nikirekebisha inazunguka weee mpaka inakatwa muda umeisha, na siku ikikubali inanipa nyota 2,000 tu. Nikaona bora nishushe vipande vipande nijoini mwenyewe kwenye laptopu, nako zinakubali nyota chache, nyingine zote hazionekani. Ni intaneti yangu au data zimezidi ukubwa? Kuna mtu kaniambia nitafute seva kubwa.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Intaneti yako iache, haihusiki. Kwiri, yani ombi lako la data, haikimbii kwenye laptopu yako, inakimbia kwenye seva za ESA, shirika la anga la Ulaya, pale kituo chao cha ESAC karibu na Madrid, wewe unatuma mistari michache ya maandishi na kusubiri jibu, bando la kawaida kabisa linatosha. Na ukubwa nao usiukimbilie kuulaumu. Ni data kubwa kweli, Gaia DR3 iliyotoka tarehe 13 Juni 2022 ina vyanzo 1,811,709,771 na katalogi ya nyota ya 2MASS ina 470,992,970, lakini kanzidata ile imejengwa kwa kazi hiyohiyo na nyota zako 40,000 kwake ni tone tu. Aliyekwambia utafute seva kubwa alikuwa anakuingiza gharama bure, ungehamisha matatizo yaleyale kuyapeleka kwenye mashine ya bei.

Nimesoma ulichoandika mara mbili, na ninachokiona ni kwamba una matatizo manne tofauti umeyafunga furushi moja. Matatu yanapiga kelele yenyewe, unayaona. La nne umelitaja mwishoni kama dogo vile, hilo la nyota kutoonekana ukijoini mwenyewe, na hilo ndo linalonitisha, maana lingekubali nusu nusu ungeweza kuandika tasnifu nzima juu yake bila kujua. Kwa hiyo naanza nalo.

Chukua nyota ya Barnard, jirani yetu aliye miaka ya nuru kama 6 kutoka hapa. Namba yake ya Gaia ni 4472832130942575872. Hesabu tarakimu, ziko 19. Sasa fungua faili la CSV lenye namba hiyo kwa Excel, utaona 4.47283E+18, na ukibadili muundo wa seli kuwa Number utaona 4472832130942570000. Zile tarakimu nne za mwisho zimekwenda, Excel inashika tarakimu 15 tu, zinazobaki inajaza sifuri. Ukibonyeza sevu hapo faili lako limekufa, na halitakwambia kitu. Hata ukilifungua kesho kwa programu nyingine, namba ni ileile iliyoharibika.

Utaniambia mimi situmii Excel, natumia Python. Haya, pandas, ile maktaba ya Python ya majedwali, nayo ina njia yake ya kukuumiza. Ukiwa na kolamu ya namba kamili yenye nafasi hata moja tupu, inaigeuza kolamu nzima kuwa namba za desimali kimyakimya, na hiyo hutokea sana baada ya kuunganisha kwa mtindo wa kushoto, zile nyota zilizokosa mwenzake zinaachwa tupu na kolamu yote inageuka. Namba za desimali za biti 64 zinaweza kuhesabu moja moja mpaka 9,007,199,254,740,992 tu, kupita hapo zinaanza kuruka, na kwa ukubwa wa namba ya Barnard zinaruka kwa hatua za 512. Kwa hiyo 4472832130942575872 inageuka kuwa 4472832130942575616. Tofauti ni 256 tu, kwa macho huioni, tarakimu kumi na sita za mwanzo ni zilezile, lakini kwa kanzidata hiyo ni nyota nyingine au ni namba isiyo na mwenyewe.

Na hapa ndo pana jambo ambalo wengi hawalijui na ndo linaeleza kwa nini wewe unapata chache badala ya kukosa zote. Namba za Gaia hazikupangwa ovyo, zile biti saba za mwisho kwa kawaida ni sifuri, yani karibu kila namba inagawanyika kwa 128. Sasa ukiizungusha kwenye hatua za 512, zile zilizobahatika kugawanyika kwa 512 zinapona hivohivo zilivyo, nyingine zinapotea. Ukipiga hesabu, robo hivi inapona kwa namba za ukubwa wa hiyo ya Barnard, na kwa namba kubwa zaidi ya hapo hatua ni 1,024 kwa hiyo wanaopona wanapungua tena. Kwa hiyo ukijoini ukapata kama robo ya nyota zako, au sehemu ya nane, usiseme data haijakamilika, hiyo ni saini ya ugonjwa huu. Linganisha na hesabu uliyoipata wewe, naamini utashtuka.

Dawa yake: faili lililokwisha kuharibika haliponi, lirudie lile la asili. Ukilisoma kwa pandas mwambie mapema kwamba source_id, ile kolamu ya namba ya Gaia, ni int64, yani namba kamili, na kama kuna nafasi tupu tumia Int64 yenye I kubwa, hiyo inavumilia utupu bila kugeuza namba. Ukishindwa kabisa isome kama maandishi, maandishi hayazungushwi. Mimi napenda zaidi kutunza majedwali haya kwenye VOTable au FITS, aina za mafaili ya wanaastronomia, huko aina ya kolamu inaandikwa ndani ya faili lenyewe, na kuyatazama natumia programu ya TOPCAT ambayo ni ya bure na inafungua mamilioni ya mistari kwenye laptopu ya kawaida. Ukiingia kwenye orodha ya kolamu za TOPCAT utaona aina ya kila moja, source_id lazima iwe Long. Ikiwa Double, yani desimali, simama hapohapo.

Sasa kabla hujaenda kujoini tena kuna la pili ambalo ni ndugu wa hilo la kwanza. Orodha yako ni ya DR2, iliyotoka Aprili 2018, wewe unataka DR3. Kolamu kote inaitwa source_id, tarakimu zinafanana urefu, nyota nyingi zimebaki na namba yao ileile, na hapo ndo mtego ulipo, ukijoini moja kwa moja utapata majibu mengi na utaridhika. Ila waliotengeneza katalogi walishasema wazi kwamba kila toleo lina namba zake, usizichukulie kama ni kitambulisho kimoja. Kati ya toleo na toleo data ilichakatwa upya, kuna chanzo kilichoonekana kimoja kikagawanyika kuwa viwili, kuna viwili vilivyounganishwa, kuna namba zilizofutwa. Na wanaoathirika sana ni nyota za maeneo yenye msongamano na nyota mbilimbili, kwa hiyo hupotezi nyota kwa bahati nasibu, unapoteza aina fulani ya nyota, na hilo kwa mtu anayefanya takwimu ni baya kuliko kupoteza nusu ya sampuli yote kwa usawa.

Daraja lipo tayari, jedwali linaitwa gaiadr3.dr2_neighbourhood. Unapandisha orodha yako kwenye akaunti yako ya Gaia, kujisajili ni bure, kisha unaandika hivi:

SELECT n.dr2_source_id, n.dr3_source_id, n.angular_distance, n.magnitude_difference
FROM user_jinalako.orodha AS o
JOIN gaiadr3.dr2_neighbourhood AS n ON n.dr2_source_id = o.dr2_id

Matokeo yatakuwa zaidi ya 40,000, usishangae. Jedwali lile linakupa majirani wote wanaofaa, nyota moja ya DR2 inaweza kuja na wawili au watatu wa DR3, kazi ya kuchagua ni yako. Anza na aliye karibu zaidi, halafu tazama tofauti ya mwanga, ukiona jirani wa karibu anatofautiana mwanga sana na wa pili anafanana, huyo wa pili ndo mwenyewe pengine, zitazame kwa macho maana huwa si nyingi. Na angalia kipimo: kwenye jedwali hili umbali uko kwenye sehemu za elfu za sekunde ya tao (sekunde ya tao ni digrii moja ikigawanywa kwa 3,600), wakati kwenye jedwali la 2MASS nitakalokuja nalo umbali uko kwenye sekunde ya tao kamili. Kolamu zote mbili zinaitwa angular_distance. Nimeona mtu akiweka kikomo cha 1 kote kote na akatupa nyota nzuri nyingi upande mmoja huku upande wa pili akipitisha kila kitu.

Haya, zile 2,000. Hilo ni rahisi. Ukituma kwiri kwa njia ya papo hapo, ile launch_job ya kwenye astroquery, maktaba ya Python ya kutumia kwiri hizi, seva inakata kwenye mistari 2,000 hata kama majibu ni laki tano. Tumia launch_job_async, ile ya kutuma kazi na kurudi kuichukua. Na kama unatafuta kwa cone_search kumbuka kuna Gaia.ROW_LIMIT ambayo ukiiacha ilivyo ni 50, iweke -1. Kawaida yangu ni kwamba majibu yakija kwa namba ya mviringo kama 50 au 2,000 kamili, siyaamini hata dakika moja, nyota hazina tabia ya kuwa mviringo.

Tuje kwenye kukatwa muda, maana hapa ndo watu wanapokimbilia seva kubwa. Hujaniwekea kwiri yako kwa hiyo naenda na yale ninayoyaona mara nyingi kwa wanafunzi, nawe utajitambua.

La kwanza ni duara. Kama unalinganisha kwa mahali angani kwa CONTAINS, POINT na CIRCLE, nusu kipenyo kinaandikwa kwa digrii. Watu wanataka sekunde 2 za tao wanaandika 2. Sekunde 2 za tao ni digrii 0.000556. Ukiandika 2 umechora duara la digrii mbili, eneo lake ni mara 12,960,000 ya ulilotaka, na umelichora mara 40,000, moja kwa kila nyota. Seva yoyote itakatwa muda hapo, hata ungeikodi kwa mwezi. Ukipita njia ya majedwali ya majirani hutahitaji duara hata moja, lakini nalisema kwa sababu siku moja utalinganisha katalogi ambayo haina daraja.

La pili ni indeksi. Jedwali ulilopandisha mwenyewe halina indeksi mpaka uiombe. Kule kwenye ukurasa wa Gaia unaingia kwenye jedwali lako, unachagua kuhariri, unaweka alama kwamba kolamu ya kitambulisho iwe na indeksi, na kama una ra na dec (namba za mahali nyota ilipo angani) unaziwekea alama zake ili seva ijenge indeksi ya anga. Dakika chache tu. Bila hiyo kila mstari wako unaweza kuifanya seva ipekue jedwali lote kama mtu anayetafuta jina kwenye daftari lisilopangwa. Tena indeksi ina wivu, ukiifunika kolamu kwa hesabu au ukaigeuza aina ndani ya ile ON, indeksi haitumiki. Na hii inarudi kule mwanzo, kama source_id yako ilipanda kama desimali au maandishi, ama utapewa kosa kwamba aina mbili haziwezi kulinganishwa, ambalo ni la heri, ama seva itageuza mstari kwa mstari mpaka muda uishe. Unaona ugonjwa mmoja unavyovaa nguo nyingi.

La tatu, kuomba kila kitu. gaia_source ya DR3 ina kolamu 152. SELECT * (alama ya nyota, yani kolamu zote) kwenye kujoini majedwali manne inakuletea mzigo ambao hutautumia, na ra na dec zinajirudia kila jedwali. Taja kolamu unazozihitaji, nane au kumi.

La nne, na hili ndo mimi nalipenda kuliko yote, kujaribu kwiri kwenye jedwali zima wakati hujui kama ni sahihi. gaia_source ina kolamu inaitwa random_index, ni namba za kuchanganya zenye indeksi, ukiweka WHERE random_index BETWEEN 0 AND 1000000 unapata sampuli ndogo ya anga nzima iliyochanganywa vizuri na inarudi haraka. Kwako wewe mwenye orodha, chukua mistari 100 ya orodha yako, panda nayo kama jedwali dogo, fanyia makosa yako yote humo. Kwiri isiyorudi kwa nyota 100 haiwezi kurudi kwa 40,000.

Na kama siku moja kazi itakuwa kubwa kweli, anga nzima, igawe. Namba ya Gaia imebeba mahali nyota ilipo: ukiigawanya kwa 34359738368 unapata namba ya kipande cha anga kwa mpangilio wa HEALPix ngazi ya 12. Maana yake ni kwamba nyota zenye namba za karibu ziko karibu angani, na anga nzima inagawanyika vipande vikubwa 12, kila kimoja kina upana wa 576460752303423488 kwenye source_id. Kipande cha kwanza ni kuanzia 0 mpaka chini ya namba hiyo, cha pili kuanzia hapo mpaka mara mbili yake, na kuendelea. Unatuma kazi 12, ikikatika moja unarudia hiyo moja. Kipande kinachopita katikati ya Njia ya Maziwa kitakuwa kizito kuliko vingine, hicho ukigawe tena kwa nne.

Sasa kolamu isiyojulikana. Naweza kubahatisha bila kuona: umechukua mfano wa kujoini 2MASS kutoka kwenye somo la enzi za DR2, si ndiyo? Kwenye DR2 ulikuwa unatoka jedwali la majirani moja kwa moja kwenda 2MASS kwa tmass_oid. Kuanzia toleo la awali la DR3, lile la Desemba 2020, mambo yalibadilika, kwenye kulinganisha walichanganya katalogi ya nyota na ile ya vitu vilivyotanda vya 2MASS wakaisafisha, kwa hiyo pakaingia jedwali la kati lenye kitambulisho kipya. Njia ni hii:

SELECT g.source_id, g.parallax, g.parallax_error, g.phot_g_mean_mag, b.number_of_mates, b.angular_distance, t.designation, t.j_m, t.h_m, t.ks_m, t.ph_qual
FROM user_jinalako.hatua2 AS h
JOIN gaiadr3.gaia_source AS g ON g.source_id = h.dr3_source_id
LEFT JOIN gaiadr3.tmass_psc_xsc_best_neighbour AS b ON b.source_id = g.source_id
LEFT JOIN gaiadr3.tmass_psc_xsc_join AS x ON x.clean_tmass_psc_xsc_oid = b.clean_tmass_psc_xsc_oid
LEFT JOIN gaiadr1.tmass_original_valid AS t ON t.designation = x.original_psc_source_id

Hiyo hatua2 ni matokeo ya daraja la DR2 baada ya kuchagua jirani mmoja mmoja, uyapandishe tena kama jedwali lako na uyawekee indeksi. Ndiyo, jedwali la 2MASS lenyewe limebaki kwenye gaiadr1, si kosa la uandishi. Kila kolamu ipe herufi ya jedwali lake kama nilivyofanya, kwa sababu source_id ipo zaidi ya sehemu moja na ukiiandika peke yake utaambiwa haieleweki ni ipi. Na ukitaka kuipa kolamu jina jipya usiiite distance wala size wala date, hayo ni maneno ya lugha yenyewe ya ADQL, hii tunayoandikia kwiri, na seva italalamika mahali ambapo hutaelewa, sema umbali tu, Kiswahili hakigongani na chochote humo. LIMIT nayo haipo, andika TOP baada ya SELECT.

Kama orodha yako ina majina ya 2MASS tayari, angalia yalivyoandikwa. Ya Barnard kwenye jedwali hilo ni 17574849+0441405, bila J mbele na bila neno 2MASS. Ukiwa na J hakuna hata moja itakayolingana, na hapa kwiri haisemi kosa, inarudi tupu.

Unaweza kujiuliza kwa nini nakuzungusha kwenye majedwali manne wakati una ra na dec za nyota zako, si ulinganishe tu mahali. Sababu ni kwamba nyota zinatembea. Mahali pa DR3 ni pa mwaka 2016.0, darubini mbili za 2MASS, moja Arizona na moja Chile, zilipiga picha kati ya 1997 na 2001. Barnard inatembea zaidi ya sekunde 10 za tao kwa mwaka, kwa miaka kumi na saba ni zaidi ya sekunde 170, wewe ungekuwa unaitafuta ndani ya sekunde mbili mahali ambapo ilishaondoka au haijafika. Hiyo ndo kali kuliko zote, lakini nyota za jirani zenye mwendo wa wastani nazo zinatoka nje ya duara dogo. Waliotengeneza jedwali la majirani walishauhesabu mwendo huo kwa kila nyota yenye mwendo uliopimwa, chukua kazi yao.

Umeona nimeweka LEFT JOIN. Nyota ambayo 2MASS haikuiona itabaki na nafasi tupu na wewe utajua ni ngapi. Lakini ukishaweka LEFT JOIN halafu chini ukaandika WHERE t.ks_m < 14, umeifuta mwenyewe, maana tupu si ndogo kuliko 14 wala si kubwa, inatupwa. Sharti kama hilo liweke ndani ya ON, au chuja baadaye ukiwa na jedwali mkononi. Binafsi nachuja baadaye, nataka kuona ninachokitupa.

Halafu ile number_of_mates nimeiweka kwa makusudi. Gaia inaona kwa makali sana, 2MASS pikseli yake ilikuwa sekunde 2 za tao, kwa hiyo nyota mbili za Gaia zilizokaribiana zinaweza kuwa doa moja kwa 2MASS, na zote mbili zikapewa mwanga uleule wa infraredi. Ikiwa namba hiyo ni zaidi ya 0 ujue mwanga huo una zaidi ya mwenyewe mmoja. Hili liliwahi kunila mimi wiki tatu. Nilikuwa nachora rangi dhidi ya mwanga, nikapata mstari wa pili juu ya ule wa kawaida, mzuri kabisa, nikaanza kuandika kwamba ni nyota mbilimbili zenye uzito sawa. Sehemu kubwa ya mstari ule ilikuwa ni huu mwanga uliohesabiwa mara mbili. Niliumia sana siku niliyogundua, na tangu siku hiyo sichori kitu kabla sijahesabu.

Kuhesabu kwenyewe ni hivi, baada ya kila hatua unauliza COUNT ya mistari yote halafu COUNT DISTINCT ya kitambulisho, yani kuhesabu bila marudio, unaandika pembeni. Orodha ya mwanzo 40,000 na DISTINCT 40,000, kama hazilingani orodha yako ina marudio toka mwanzo. Baada ya daraja mistari imezidi, DISTINCT ya dr2 ibaki 40,000 au ipungue kidogo, zilizopungua zitoe uzitazame moja moja. Baada ya kuchagua jirani, mistari na DISTINCT ya dr3 zilingane, zikitofautiana kuna nyota mbili za DR2 zimeangukia moja ya DR3. Baada ya 2MASS mistari isizidi ile ya hatua iliyotangulia hata mmoja, na nyota zenye ks_m tupu uzihesabu peke yake. Nyota hafifu za Gaia kukosekana 2MASS ni kawaida, Gaia inafika chini zaidi, lakini ukikosa nyota angavu kuna kitu hakijakaa sawa.

Fanya hivi basi leo. Usiguse zile 40,000. Tengeneza jedwali la mstari mmoja lenye 4472832130942575872, lipandishe, lipitishe njia nzima niliyokuandikia mpaka mwisho. Paralaksi itoke kwenye 546 na ushee, kwa sehemu za elfu za sekunde ya tao, na designation iwe 17574849+0441405. Ikitoka hivyo njia yako ni nzima, weka 100, kisha weka zote. Isipotoka, nitumie kwiri yenyewe kama ilivyo na maneno ya kosa yote bila kufupisha, pamoja na hizo hesabu mbili mbili za kila hatua, nikiziona ntajua ni wapi nyota zinadondokea.